«PAPA, NA WEYE ULIPIGAKA MAKOFI?»
Mafikiri kisha kutazama filme ya Mobutu pale Niemba



Wewe unayesoma gazeti hili kule Manono, Kisengo, Likasi ao Kolwezi, labda Niemba umeipita tu katika treni, ukanunua ndizi dirishani, ukaendelea na usingizi wako. Niemba ni kituo cha reli kati ya Kalemie na Kabalo. Usiku kwetu ni giza. Mwenye grupe ndiye mwenye mwangaza. Basi siku moja kijana wa kwaya akaleta grupe, mwalimu mmoja akaleta kompyuta na mashine ya kutupia picha ukutani, nasi tukafunga shuka nyeupe kwenye ukuta wa kapela. Vijana walitazamia filme ya vita ao ya karate. Mwalimu akawaambia: «Leo tutatazama filme ya inchi yetu.»

Filme ile jina lake ni «Mobutu, roi du Zaïre», maana yake Mobutu, mfalme wa Zaïre. Aliyeitengeneza ni Mbelgiji Thierry Michel, naye aliitoa mwaka 1999, miaka miwili kisha kifo cha Mobutu. Hakuna ndani yake mtu wa kumwiga Mobutu. Ni Mobutu mwenyewe, katika picha za zamani, na watu waliomjua wanasimulia. Inachukua saa mbili na robo. Maneno ni ya Kifaransa, kwa hiyo mwalimu alisimama kando ya shuka akatugeuzia katika Kiswahili, mpaka sauti ikamkauka.

Sitakuhadithia filme yote. Ukiipata, itazame pamoja na jamaa yako. Nataka kukuambia neno moja lililonichoma usiku ule, na jambo lililofuata, sababu tangu siku ile sijapata raha.

VICHEKO, KISHA KIMYA

Mwanzo vijana walicheka. Walicheka kofia ya ngozi ya chui, fimbo, na abakosti, lile koti lisilovaliwa na kravati. Walicheka zaidi walipoona baba wazima na mama wazima, wafanyakazi na wanafunzi, wamepangwa mistari katika uwanja, wanacheza na kuimba sifa za mtu mmoja. Sisi tuliita kazi ile animasio. Kijana wa leo akiiona, anafikiri ni vichekesho.

Lakini mimi nikatazama upande wa wazee. Mama mmoja mjane alikuwa anatikisa mabega pole pole, midomo yake inafuata wimbo. Miaka hamsini imepita, na maneno yote angali nayo kichwani. Mara akashtuka, akajifunika mdomo kwa kitenge. Katika mstari wetu hakuna aliyecheka tena.

Ndipo binti yangu wa mwisho, aliye katika shule ya sekondari, akanigeukia akauliza: «Papa, na weye ulipigaka makofi?»

Nikamjibu: «Watu wote walipigaka.»

Akasema: «Siulizi watu wote, Papa. Naulizia weye.»

Grupe ilikuwa inavuma. Nikajifanya kama sikusikia.

MFALME HAKUZALIWA MFALME

Mobutu alizaliwa Lisala, kwenye mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mpishi wa mzungu. Alibatizwa kwa jina la Joseph-Désiré, akasoma kwa wamisionari. Mwaka 1950 akaingizwa katika Force Publique, jeshi la wakoloni. Kisha akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1960 alikuwa karibu na Patrice Lumumba, na katika serikali ya Lumumba alipata cheo kikubwa cha jeshi. Tarehe 14 Septemba 1960, uhuru haujatimiza miezi mitatu, akatangaza ya kwamba anawaweka wanasiasa kando. Lumumba aliuawa huku Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akatwaa mamlaka yote, na hakuyaacha mpaka Mei 1997.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Ni miaka thelathini na moja na nusu. Mtu mmoja, mtoto wa mpishi, alitoa wapi nguvu ya kuikalia inchi kubwa hivi?

Kwa sehemu tunajua. Wakubwa wa Ulaya na wa Marekani walimtegemeza, sababu walitaka shaba na kobalti yetu, tena walitaka rafiki wa kupingana na wakomunisti. Askari walimlinda. Wenye kutaka kumpinga waliogopeshwa: tarehe 2 Juni 1966 watu wanne waliokuwa mawaziri zamani walinyongwa pale Kinshasa mbele ya watu wengi mno. Mmoja wao alikuwa Évariste Kimba, mtoto wa Katanga, aliyekuwa waziri wa kwanza wa inchi mwaka 1965.

Lakini kuna nguvu nyingine isiyotoka Washington wala Bruxelles. Ni mikono na midomo ya watu wadogo. Askari hawezi kusimama katika kila darasa, katika kila chimbo, katika kila kijiji. Anayefika pale pote ni jirani. Mfalme anaishi kwa makofi ya kila siku, na makofi yale hayapigwi na wazungu. Tunapiga sisi.

WAKUBWA WANATUMA, VIJANA WANAKWENDA

Watu wa Niemba tulilijua jambo hili mbele ya Mobutu. Mimi nilizaliwa mwaka 1960. Mama yangu alinieleza mara nyingi ya kuwa alinibeba porini, juu watu walikuwa wanakimbia. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe aliitenga Katanga, akawa Prezida wake. Baluba wengi wa kaskazini, watu wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa. Vita ikaingia vijijini: huku askari wa Tshombe na bunduki, huku vijana wetu na mishale na mikuki.

Tarehe 8 Novemba 1960 askari kumi na mmoja wa ONU, watu wa Irlande, walifika kwenye daraja la mto Luweyeye, karibu na Niemba. Vijana wakawashambulia. Tisa kati yao wakafa, wawili wakapona. Askari wale hawakuja kutwaa inchi ya mtu. Walitumwa kusimama katikati ya wenye kupigana. Mpaka leo huko Irlande kuna watu wanaolijua jina la Niemba, nao hawajui Kalemie iko wapi.

Wazee wetu hawapendi kusimulia habari ile, na mimi nawaelewa. Majina ya wakubwa wa wakati ule yako katika vitabu. Majina ya vijana waliokwenda kwenye daraja ni wachache wanaoyajua. Ndivyo ilivyo siku zote: mwenye kutuma hayuko, na mwenye kutumwa anabaki na damu mikononi.

MIMI NA MWALIMU WANGU

Sasa nafika kwa ulizo la binti yangu.

Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ilipewa jina la Zaïre, na Katanga ikaja kuitwa Shaba. Mwanzoni mwa mwaka 1972 Mobutu akaacha jina la Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaagizwa kuacha majina ya ubatizo. Jambo hilo waliliita authenticité, yaani kurudia asili yetu. Kardinali Malula wa Kinshasa hakukubali. Akanyanganywa nyumba yake, akaenda kukaa Roma kwa miezi. Magazeti mengi ya dini yalifungwa. Mwaka 1974 Noeli ikakoma kuwa siku kuu ya inchi, na mwisho wa mwaka ule shule za Kanisa zikatwaliwa na serikali. Somo la dini likaondolewa, pahali pake wakaweka mafundisho ya chama. Shule zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977.

Usinisikie vibaya. Majina ya wazee wetu ni mazuri, nami nalipenda sana jina la babu yangu. Ubaya haukuwa katika kuchukua jina la babu. Ubaya ulikuwa kumkamata mtu juu ya jina alilopewa na mama yake kanisani.

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilisoma katika shule moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa wa kwanza katika kucheza animasio, basi nikatiwa katika kundi la vijana wa chama, nikapewa kitambaa cha shingoni na filimbi. Fikiri, msomaji: mtoto wa mfanyakazi wa reli, hana viatu, anapewa filimbi. Akiipiga, hata walimu wanasimama. Utamu wa filimbi ile ungali mdomoni mwangu.

Tulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa Niemba, aliyekuwa pia katekista. Katika darasa alifuata sheria. Lakini magaribi, nyuma ya nyumba yake, chini ya muembe, alikusanya watoto waliojitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Pale alituita kila mmoja kwa jina lake la ubatizo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka ambao baba yangu alikosa feza, mwalimu huyo ndiye aliyeninunulia daftari.

Siku moja mkubwa mmoja akatuuliza sisi wenye filimbi: «Nani angali anawaita watu majina ya wazungu?»

Hakunipiga. Hakuniahidi kitu. Angenipiga, leo ningekuwa na neno la kujitetea. Alinitazama tu, nami nikataka anione kuwa kijana mwema. Nikataja jina la mwalimu wangu.

Usiku ule ule walikuja kumchukua. Siku tisa hakuonekana. Aliporudi alikuwa anachechemea, na hakufundisha tena. Alilima mihogo mpaka alipokufa, mwaka 1999, wakati wa vita, kwa kukosa dawa. Kila aliponikuta njiani alinisalimu kwa jina langu la ubatizo, kwa sauti ya chini, kama pale chini ya muembe. Sikujua kama anajua. Miaka ishirini na minne nilionana naye karibu kila juma, na sikumwambia neno.

Ndiyo, binti yangu. Nilipiga makofi. Na mdomo wangu ulifanya mabaya kupita mikono yangu.

«ILE WAKATI KULIKUWAKA KIMYA»

Filme ilipoisha, watu hawakuenda kulala. Kijana mmoja aliyetoka Kisengo, kwenye machimbo ya koltani, akasimama akasema: «Mimi naona heri ile wakati ya Mobutu. Kulikuwaka kimya. Leo kila kilima iko na askari yake.»

Tusimcheke. Kwa sehemu ana haki. Huku Tanganyika vita vilifuatana na vita tangu mwaka 1996. Kisha, zaidi mwaka 2016 na 2017, Baluba na Batwa, watu wa maji mamoja na soko moja, walichomeana vijiji, na maelfu walikimbilia Kalemie kulala chini ya majani na mahema. Kijana wa umri ule ameona raha lini? Nyumbani anasikia wazazi wakisifu treni ya zamani, mshahara wa Gécamines, mfuko wa unga wa kila mwezi, shule na hospitali za kampuni. Na si uongo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba.

Lakini tuangalie vizuri tarehe. Mwaka 1993 Gécamines haikufikisha hata tani 50,000, na Mobutu alikuwa angali Prezida. Chimbo la chini la Kamoto, kule Kolwezi, liliporomoka Septemba 1990, na Mobutu alikuwa angali Prezida. Nyumba haikuanguka siku aliyoondoka. Ilioza ndani ya kimya kile ambacho leo tunakisifu. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza ya kuwa maduka na mashamba ya wageni yatatiwa mikononi mwa wenyeji. Watu walipiga makofi. Wachache walipewa, na kwa muda mfupi maduka mengi yakawa na rafu tupu. Wenye kujua hesabu walinyamaza, juu kusema ni kupoteza kazi, ao kupoteza zaidi ya kazi.

Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika universite ya Lubumbashi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai, wengine wamezaliwa hapa na wazazi wao wamezaliwa hapa, walifukuzwa katika miji ya machimbo. Walilala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa pale. Nani aliyewafukuza? Vijana waliotumwa. Nani aliyeonyesha nyumba zao? Jirani. Wewe msomaji wa Likasi, labda baba yako anakumbuka, na labda hapendi umuulize.

Kimya kile hakikuwa amani. Kilikuwa kama kimya cha shimo ambalo miti yake ya kushikilia imeoza. Huoni kitu, husikii kitu, mpaka siku ile.

Na mwisho wa mfalme? Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja, na machozi yakamtoka mbele ya watu. Mwaka 1996 kansa ikamshika. Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa, na tarehe 7 Septemba 1997 akafa Rabat, katika inchi ya Maroko. Huko ndiko alikozikwa, mbali na mto wake. Nilipoona filme ile niliona pia mtu mgonjwa, mzee, ambaye wacheza ngoma wake hawapo tena, na nilimhurumia. Mkristu hakatazwi kumhurumia Mobutu.

Lakini wale waliomchezea Mobutu hawakupumzika hata juma moja. Laurent-Désiré Kabila aliingia na askari wake, wengi wao watoto tuliowaita kadogo. Kabila huyu tulimjua huku kaskazini: alikuwa kati ya vijana wa Balubakat mwaka 1960, na watu wake waliishambulia Moba mwaka 1984. Tarehe 17 Mei 1997 akajitangaza Prezida, kisha akakataza kazi za vyama vingine. Tukampigia makofi. Aliuawa tarehe 16 Januari 2001. Wafalme wanapita, makofi yanabaki yale yale.

MTI WA MIIBA

Nikamkumbuka Yotamu katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9. Unajua fumbo lake: miti ilikwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ukakataa, sababu una kazi ya kutoa mafuta. Mtini ukakataa, una matunda yake. Mzabibu ukakataa, una divai yake. Mwishoni wakauomba mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukawaalika wakae katika kivuli chake. Tena ukawatisha kwa moto. Kivuli cha mti wa miiba! Nani alikwisha kupumzika pale?

Tukisoma fumbo hili, tunausema vibaya mti wa miiba. Usiku ule mimi nilifikiri juu ya miti mingine yote, ile iliyokwenda kuuomba. Nilifikiri pia juu ya mizeituni, yaani watu wema wanaosema «mimi siingii katika mambo yale, nina kazi yangu». Wema wakikimbia uongozi, tusishangae nani anaupokea.

Wewe utasema: Prezida yuko mbali, mimi niko huku kwenye machimbo. Ni kweli. Lakini mfalme mdogo hayuko mbali.

Mfalme mdogo yuko kwenye shimo. Udongo umepasuka juu, mvua ilinyesha usiku kucha, kila mchimbaji ameona ufa. Mwenye shimo anasema: «Shukeni.» Mmoja anacheka na kumsifu kuwa yeye ni mwanaume wa kweli, wengine wanafuata. Jioni mama zao wanapiga kelele juu ya udongo. Aliyecheka alipiga makofi, na makofi yake yalizika watu.

Yuko kwenye nyumba ya kununulia mawe, pahali ambapo mzani unadanganya na kijana anayeusoma anajua. Yuko kanisani, ikiwa mkubwa wa kwaya anahesabu feza peke yake mwaka kwa mwaka na hakuna mtu wa kumuuliza. Yuko nyumbani pia, baba mwenzangu, ikiwa watoto wako wanacheka unapocheka na wanatetemeka unapokohoa. Usiseme ni heshima. Waulize.

Nanyi vijana, sikieni. Kila wakati una filimbi yake. Ya kwangu ilikuwa ya chuma, ilifungwa na kamba. Ya kwako labda ni telefone mpya, ao tisheti yenye picha ya mtu, ao kreti ya pombe wakati wa uchaguzi, ao bunduki ambayo mkubwa wa kundi anakupa akisema ni kwa kulinda kabila lako. Mtu akikupa filimbi, kisha akakuuliza jina la jirani yako, mkumbuke mzee huyu wa Niemba. Sema hujui. Kama huwezi kusema, nyamaza. Kunyamaza kwa namna ile si woga. Mimi ningalinyamaza dakika moja tu, mwalimu angalifundisha watoto miaka ishirini zaidi.

MSALABA

Asubuhi kisha ile filme nilikwenda kwa mjane wa mwalimu. Ni yule mama niliyekuambia, aliyejifunika mdomo kwa kitenge.

Alikuwa anamenya mihogo. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, filimbi na muembe na ulizo la yule mkubwa. Hakuacha kumenya. Kisha kitambo akasema: «Mwalimu alijua ni mutoto. Hakutaka kujua ni mutoto gani. Sasa mimi najua.»

Nikanyamaza.

«Jana niliimba. Uliniona?»

«Nilikuona, Mama Mwalimu.»

«Walinichukulia bwana yangu, na wimbo yao ingali kwa kinywa yangu.» Akalia kidogo, akajifuta. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumuomba aniambie. Msamaha ni zawadi, haudaiwi kama deni. Akasema tu: «Kwa msalaba yake waliandika jina moja, lile la chama. Enda uandike lile lingine.»

Nikatafuta kopo la rangi nyeusi. Binti yangu akaja pamoja nami, akilibeba. Njiani nikajibu ulizo lake, lote, bila kuficha. Hakusema kitu mpaka makaburini. Nilifikiri amenichukia. Tulipofika alisafisha msalaba kwa majani, akanishikia kopo, nami nikaandika pole pole, mkono unatetemeka.

Jina lile sitaliandika hapa. Nililitaja mara moja mbele ya mtu ambaye hakustahili kulisikia, yatosha. Wenye kupita kwenye makaburi ya Niemba watalisoma wao wenyewe.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Wazazi: watoto wenu wanajua mlifanya nini wakati wa Mobutu, wakati wa vita, wakati jirani walipofukuzwa? Ni neno gani hamjapata kuwaambia?

2. Vijana: leo ni nani anayewapa filimbi, na anataka nini?

3. Katika chimbo lenu, nani anaruhusiwa kusema kwamba shimo limepasuka? Akisema, mnamshukuru ao mnamcheka?

4. Katika parokia na jumuiya yetu, ni kazi gani watu wema wanaikimbia, na ni nani anayeifanya pahali pao?

5. Kuna mtu mnayempita njiani kila juma na hamjamwomba msamaha? Mwalimu wangu nilichelewa kumwambia. Wewe labda hujachelewa.